Jina Lisilokuwamo Katika Orodha

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7

  Kama Biblia yako iko karibu, ifungue katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 6, tangu mstari wa 1 mpaka wa 7. Kama haiko karibu, sikiliza tu, nasi tutakueleza yaliyomo.

Habari yenyewe ni hii. Kanisa la kwanza huko Yerusalemu lilikuwa na desturi ya kuwagawia wajane chakula kila siku. Watu walikuwa wameongezeka sana. Kati yao walikuwamo Wayahudi wenyeji wa nchi, na Wayahudi wengine ambao lugha yao ilikuwa Kiyunani. Ikatokea ya kwamba wajane wa hao wasemao Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji, na watu wao wakanung'unika.

Angalieni jambo hili. Kanisa hilo ndilo lililoshukiwa na Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste. Waliolisimamia walikuwa mitume, watu waliotembea na Bwana Yesu na kula naye. Hata hivyo wajane walisahauliwa. Basi, ikiwa ugawaji wa mitume ulikuwa na upungufu, wetu sisi je?

Swali hilo lilitupata sisi wenyewe, wazee wa kanisa moja la kijijini huku Ukambani, nasi leo twataka kuwaeleza jinsi lilivyotupata. Hatusemi haya ili tujisifu. Mtasikia wenyewe ya kwamba hatuna la kujisifia.

Mwezi wa Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa. Mvua zilikuwa zimekosa, nazo zikazidi kukosa, hata katika sehemu nyingi kavu za nchi yetu misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mavuno ya maana. Ndengu zilikauka zikiwa maua. Ng'ombe waliuzwa kwa bei ya mbuzi. Ndipo naibu wa chifu alipoita baraza, akatuambia ya kwamba chakula cha msaada kitaletwa, mchele na maharagwe, walakini hakitatosha nyumba zote. Kila kijiji kiandike zile nyumba zenye shida kuliko nyingine. Naye akaomba makanisa yasaidie, kwa kuwa wazee wa kanisa huingia katika nyumba za watu na kujua hali zao.

Basi Jumapili baada ya ibada tuliketi chini ya mwembe, tukaandika majina. Haikutuchukua muda mrefu. Tulimaliza kabla ya saa nane, tukafunga kwa maombi, kisha kila mtu akaenda kwake kula.

Siku chache baadaye tulikutana tena kwa mambo mengine ya kanisa. Mojawapo ya mambo hayo lilikuwa habari ya mama mmoja mjane, mtu mzima sana, ambaye alikuwa amekosa mikutano ya akina mama mara tatu. Zamu yake ya kupokea mkutano nyumbani kwake ilipofika, alituma neno kwamba anaumwa. Wengine walisema amepoa katika imani. Tukaamua watatu kati yetu waende kumwona, wamtie nguvu, na kumwonya kwa upole juu ya kuacha kukusanyika pamoja na ndugu.

Tulikwenda. Alitupokea kwa furaha, akatupa viti, akamtuma mjukuu wake jikoni. Tulikaa muda mrefu tukizungumza habari za mvua. Mwishowe vikombe vikaletwa, naye akasema, "Wanangu, karibuni chai." Tulipoonja, yalikuwa maji ya moto matupu, hayana majani wala sukari. Tukanywa. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Yule aliyekuwa ameandaa maneno ya kuonya aliifunga Biblia yake pole pole.

Mmoja wetu akauliza, "Mama, ni tangu lini?"

Akajibu, "Tangu mwezi wa tano."

Tukamwuliza tena, "Na mbona hukuja barazani jina lako liandikwe?"

Akatuambia hivi: "Wanangu, mwaka 1984 ninyi mlikuwa watoto wadogo. Mahindi ya manjano yalipoletwa, mume wangu ndiye aliyesimama pale shuleni na gorogoro, akiwapimia watu. Mimi nilikuwa nikishika mdomo wa gunia. Leo niende nikasimame upande ule mwingine, watu watasemaje?" Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Tena nilidhani mngenikumbuka ninyi wenyewe."

Ndugu wasikilizaji, tulikwenda kumwonya mtu, tukarudi tumeonywa sisi. Yeye na wajukuu wake wawili walikuwa wakila mara moja kwa siku, na nyumba yake haiko mbali na kanisa. Wahenga walisema ya kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tulikuwa tumeandika majina, tukaomba, tukaenda kula, na la huyu hatukuliwaza hata kidogo.

Tulikwenda siku ile ile kwa naibu wa chifu. Akatuambia orodha haijapelekwa bado, walakini hesabu ya nyumba haiwezi kuongezwa. Likiingia jina moja, lazima moja litoke. Tukatazamana. Ndipo mwenzetu mmoja aliposema, "Futeni la mama yangu. Mimi napata mshahara kila mwezi, na mama anakula kwangu. Niliandika jina lake kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Hatukumhukumu ndugu huyo, maana wengine wetu tulikuwa tumekwisha kuanza kuhesabu moyoni majina tuliyoyaandika sisi. Orodha ile ilirudi chini ya mwembe. Safari hii tulikaa mpaka jua likatua, na majina mengine matatu yakabadilishwa.

Basi, kutokana na habari hii na somo letu, kuna mambo matatu tungependa tuyaangalie pamoja.

Jambo la kwanza ni hili: kuomba msaada uliowekwa kwa ajili ya wenye shida si aibu.

Mkumbukeni Ruthu. Alikuwa mjane, tena mgeni kutoka nchi ya Moabu. Hakukaa nyumbani akingoja mtu amletee shayiri. Alimwomba Naomi ruhusa ya kwenda, na alipofika shambani alimwomba msimamizi wa wavunaji ampe nafasi ya kuokota masazo. Naye alikuwa na haki ya kuomba hivyo. Katika Mambo ya Walawi 19, mstari wa 9 na wa 10, Mungu aliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembeni kabisa, bali wawaachie maskini na wageni. Yale masuke ya pembeni yalikuwa fungu la maskini kabla Ruthu hajafika. Boazi alimwongezea kwa wema wake, lakini fungu lenyewe lilikuwa limewekwa na Mungu. Na katika uzao wa mwanamke huyo aliyeokota masazo alitoka mfalme Daudi, na baadaye Bwana wetu mwenyewe.

Mkumbukeni Yusufu pia. Alimshauri Farao atoze sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, ikawekwe ghalani kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Njaa ilipofika Kanaani, mzee Yakobo aliwauliza wanawe kwa nini wanakaa wakitazamana tu, hali nafaka iko Misri. Akawatuma. Mzee huyo aliyebarikiwa na Mungu hakuona ni upungufu wa imani kuwatuma wanawe kwenye ghala la serikali ya Farao.

Katika nchi yetu nasi tunalo fungu la pembeni mwa shamba. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na ya kupata chakula cha kutosha na kinachofaa. Tena yasema ni wajibu wa Serikali kuwasaidia wale wasioweza kujitunza wenyewe na watu wanaowategemea. Na fedha za kazi hiyo zatoka wapi? Mama yule wa maji ya moto amekuwa akinunua sabuni na sukari miaka yote hiyo, na kila aliponunua, alilipa kodi ndani ya bei. Hata yeye ametia nafaka katika ghala.

Basi asikudanganye mtu ya kwamba chakula hicho ni chake binafsi, awe mkubwa au mdogo. Asikudai kura yako kwa ajili ya gunia la mahindi. Asikudai kitu kidogo ili jina lako liandikwe. Kuandikwa hakulipiwi.

Siku hizi msaada hauji kwa magunia peke yake. Katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir uko mpango wa Serikali unaozipelekea nyumba maskini fedha, ili wanunue chakula katika soko la karibu nao. Uko pia mpango wa Inua Jamii, wenye fungu la wazee, fungu la mayatima na watoto walio katika shida, na fungu la watu wenye ulemavu mkubwa. Kuanzia mwaka 2018 fungu la wazee lilifunguliwa kwa waliotimiza miaka 70 na zaidi, na kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi. Walakini kwa mtu anayekula mara moja kwa siku, ni unga na maharagwe.

Kama nyumba yako ina shida, usijifiche. Fanya hivi. Hudhuria baraza, au mtume mtu unayemwamini akusikilizie, kwa maana uandikishaji haufanywi kila siku; hutangazwa, nao una siku zake. Tafuta kitambulisho chako mapema, uhakikishe kinasomeka. Jina lako liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho, siyo lile uitwalo kijijini. Kama huwezi kutembea, chagua mtu mwaminifu wa kukusaidia, na usimpe mtu yeyote namba yako ya siri ya simu au ya benki. Majina yanaposomwa mbele ya watu, uwepo. Ukiona la kwako halimo, uliza kwa heshima, na uulize tena. Wale Wayahudi wa Kiyunani waliuliza, na mitume hawakuwakemea.

Jambo la pili ni kusema kweli.

Mlango wa 6 wa Matendo wafuata mlango wa 5, na katika mlango wa 5 twasoma habari za Anania na mkewe Safira. Hao walidanganya mbele ya Kanisa juu ya fedha zao. Walitaka waonekane wametoa zote, kumbe wamezuia nyingine. Wao walidanganya katika kutoa. Yawezekana kudanganya katika kupokea vile vile.

Mtu ana watoto watatu, huandika sita. Mtu ana mwana anayemtumia fedha kila mwezi, husema hana mtu duniani. Mzee amefariki, na watu wa nyumbani hawaendi kutoa habari, wanaendelea kupokea fedha za marehemu. Wengi husema, "Ni mali ya Serikali, hakuna anayeumia." Sisi tulijifunza chini ya ule mwembe ya kwamba yupo anayeumia. Hesabu ya nyumba ni moja, na jina lisilofaa likiwamo, jina linalofaa liko nje, linakunywa maji ya moto.

Kwa hiyo ndugu, ukiulizwa watu wa nyumba yako ni wangapi, taja hesabu ile ile ambayo ungeitaja mbele za Mungu katika maombi ya jioni. Na kama Mungu amekufungulia njia, ukapata kazi au mavuno mema, usione vibaya kusema, "Sasa mwandikeni mwingine." Maneno hayo ni shukrani kubwa kuliko nyimbo nyingi.

Jambo la tatu ni kazi ya Kanisa.

Mitume waliposikia manung'uniko, hawakuwaambia wajane waombe na kunyamaza. Wala hawakusema mambo ya chakula ni ya dunia. Waliita mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina hayo yote saba ni ya Kiyunani. Maana yake twaona kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa watu waliowajua wale waliosahauliwa na kusema lugha yao. Na mitume wakawawekea mikono, kama ilivyo kwa kazi takatifu.

Yule mama wetu alipata chakula cha msaada wakati ule. Lakini tulipomwuliza juu ya fungu la wazee, tuliona shida nyingine. Kitambulisho chake kilisema amezaliwa mwaka 1956, kwa hiyo alihesabiwa kuwa hajafika miaka 70. Yeye mwenyewe hakujua mwaka wake, kwa maana alipoandikishwa zamani hakuwa na karatasi yoyote, na umri wake ulikadiriwa tu. Ndipo mzee mmoja alipokumbuka kitabu cha ubatizo. Tulikitoa kabatini, tukapangusa vumbi, tukaona jina lake, jina la baba yake, na mwaka: 1950, naye akiwa mtoto mchanga.

Kitabu kile kilikuwa kimelala kabatini miaka mingi, na hatukujua ya kwamba ndani yake mna chakula cha mjane. Tuliandika barua ya kanisa, tukapata na barua ya chifu, akapelekwa kurekebisha kitambulisho. Haikuwa kazi ya siku moja. Alisafiri mara nne, na kila mara mmoja wetu alikwenda naye, nauli ikitoka katika mfuko wa mashemasi. Mara nyingine aliambiwa arudi wiki ijayo. Alirudi. Uandikishaji ulipotangazwa tena, alikwenda na kitambulisho chenye mwaka wa kweli, naye akaandikwa.

Hivi karibuni akina mama walikutana nyumbani kwake. Ni zamu aliyoiomba mwenyewe. Palikuwa na chai ya maziwa, na mtu wa kwanza kumiminiwa alikuwa yule mama wa mwenzetu, ambaye jina lake lilifutwa. Wawili hao waliketi pamoja.

Sasa mtazame mstari wa 7 wa somo letu. Baada ya jambo la chakula kutengenezwa, Luka asema Neno la Mungu likazidi kuenea, hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana katika Yerusalemu, na makuhani wengi wakaitii imani. Twadhani watu wa mji waliliangalia Kanisa lile jinsi linavyowatendea wajane wake, wakaona jambo ambalo mahubiri peke yake yasingewaonyesha.

Ndugu wasikilizaji, twawaachia kazi ya wiki hii. Wewe mwenye shida, usilitazame jina lako kana kwamba limechafuka kwa kuandikwa katika orodha ya waombaji. Mungu analijua, ukiwa mtoaji au mpokeaji. Wewe mwenye kalamu, mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati au msaidizi wa chifu, isome orodha yako tena kabla haijapelekwa, na ujiulize ni nani hayumo. Nanyi wote mlio na kitu mezani, mtu akikosa ibada Jumapili mbili tatu, msiseme upesi kwamba amepoa. Nendeni mkamwone, na mkikaribishwa, kunyweni kile mtakachopewa.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyewakumbuka wajane wa Yerusalemu, uwakumbuke na wa kwetu. Utusamehe majina tuliyoyasahau, na yale tuliyoyaandika kwa upendeleo. Uwape wenye njaa ujasiri wa kuomba bila aibu, na ukweli katika kusema hali zao. Uwape wanaogawa mikono safi na subira. Utunyeshee mvua kwa wakati wake, ili wengi wanaopokea leo wapate kutoa kesho. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Mungu awe nanyi na nyumba zenu.